Mfuko wa Kitambaa kwa Kitabu Ambacho Hakijachapwa

Jumanne saa nane mchana nilikuwa nimemsimamisha bibi harusi mbele ya kioo, pini nne mdomoni, simu ikatetema mezani. Nilijua ni nini. Oda zimefunguliwa: nakala 500 basi, kila moja na nambari yake, sahihi ya mchoraji, kasha la kitambaa. Kitabu chenyewe hakijachapwa, kitatoka mwakani. Nikamaliza kuubana upindo wa gauni kwanza.

Jina la kitabu sitalitaja mpaka kinifike mkononi. Nataka tu kueleza ninavyoamua kitabu kipi nikilipie kabla hakijachapwa na kipi nikingojee, maana najua wako wenzangu hapa Mombasa wanaopenda vitabu vizuri, na pesa zao ni za kuhesabu kama zangu.

Mimi ni fundi wa nguo, kwa hiyo kitabu huanza kukitazama kwenye mshono. Vitabu vingi vya bei nafuu kurasa zake zimekatwa mgongoni zikapakwa gundi. Joto letu huikausha gundi ile, mgongo ukapasuka, kurasa zikaanza kutoka moja moja. Kitabu kilichoshonwa ni kazi nyingine kabisa. Karatasi hukunjwa kwa mafungu, kila fungu likapitishwa uzi katikati ya mkunjo, kisha mafungu yakafungamanishwa. Ukikifungua hulala wazi mezani bila kukishikilia. Basi tangazo likinisifia ngozi, dhahabu na kingo za rangi, na lisiseme lolote juu ya uzi, mimi huandika barua pepe kuuliza. Na nisipojibiwa, silipi.

Ngozi nayo nimeiogopa tangu mwaka 2024. Agosti 2022 niliweka oda kwa mchapishaji mmoja mdogo wa Marekani, dola 150, kitabu cha ngozi. Kadi haikukatwa siku ile; sharti lilikuwa pesa itolewe siku ya kusafirishwa. Niliona ni uungwana. Siku ile dola ilikuwa karibu shilingi 119, nami nikatenga chini kidogo ya 18,000. Uchapaji ukachelewa, ukachelewa tena, na kitabu kikasafirishwa Januari 2024, wakati dola imefika karibu 160. Shilingi 24,000. Bei ya kitabu haikupanda hata senti moja, lakini mimi nililipa elfu sita zaidi. Kufikia Aprili dola ilikuwa imeshuka mpaka karibu 130. Juu ya hayo kuna kodi ya VAT ya asilimia 16, ambayo vitabu Kenya vilianza kutozwa mwaka 2013, na hukokotolewa pamoja na nauli, si kwa bei ya kitabu peke yake. Kisha masika yakaingia, na mwezi wa Mei nikakuta ukungu mweupe umetanda kwenye jalada kama unga. Niliufuta kwa kitambaa kikavu, nikakianika kivulini penye upepo. Alama imebaki hadi leo.

Tangu hapo nachagua jalada la kitambaa. Na nikiwa na fedha ya zamu ya chama mkononi, napendelea kulipa yote siku hiyo hiyo, niijue bei yangu, kuliko kuiachia dola ya mwaka ujao iniamulie.

Lakini hayo ni ya mfukoni. Kinachoniamulia hasa ni picha, na hapa nitakaa kidogo.

Kitabu nilichokipenda kuliko vyote tangu nikiwa msichana ni hadithi za Earthsea za Ursula K. Le Guin. Kitabu cha kwanza kilitoka 1968. Ni dunia ya visiwa na majahazi, ya watu wanaojua pepo za bahari kwa majina yake, na mtoto wa pwani akiisoma hahitaji kuelezwa. Ged, shujaa wake, ana ngozi ya kahawia yenye wekundu, na rafiki yake Vetch ni mweusi. Mwandishi aliandika hivyo kwa kusudi. Hata hivyo, kwa miaka mingi wachoraji wa majalada walimpaka Ged weupe, na ilipotengenezwa filamu ya televisheni mwaka 2004 akapewa sura nyeupe pia. Le Guin alilalamika hadharani. Nakala yangu ya kwanza, niliyoinunua kwa muuza mitumba wa vitabu, ilikuwa na kijana mweupe juu. Nilikivisha karatasi ya kaki ili nisimwone.

Sasa fikiria nilivyokuwa iliposemwa kwamba mwaka 2018 hadithi zote zitatoka katika kitabu kimoja, karibu kurasa 1,000, na michoro ya Charles Vess. Mchoraji huyo alifanya kazi na mwandishi mwenyewe kwa miaka, akimpelekea michoro, naye akimrudishia maoni. Le Guin alifariki Januari mwaka huo, na kitabu kikatoka Oktoba. Niliweka oda mapema bila kusita. Kilipofika nilitafuta kwanza Ged, nikamkuta kahawia, kama alivyoandikwa, nikakaa chini dukani nikalia.

Oda ile haikuwa na haja ya haraka, maana toleo lile liliendelea kuuzwa. Sijuti, lakini nilijifunza kuuliza: hiki kitachapwa tena? Toleo la kawaida, hata liwe zuri namna gani, likipendwa mara nyingi hurudi kiwandani. Hilo nalingojea, niwasikilize waliotangulia, ninunue zamu ikifika. Zile za nambari hazirudi. Na kama ni mfululizo, wachapishaji wengine humpa aliyenunua nambari fulani ya juzuu ya kwanza nafasi ya kwanza ya nambari ile ile katika juzuu ya pili. Ukikosa mwanzo, umekosa safari nzima. Kwa hayo nalipa kabla. Ila kwa sharti moja: niwe nimeshaziona picha, hata mbili tatu. Sahihi hainitoshi. Mara nyingi karatasi za sahihi hutumwa kwa mwandishi zikiwa shiti tupu, akazitia kalamu nyumbani kwake, kisha zikaingizwa kitabu kinapofungwa. Yule aliyetia sahihi huenda hajawahi kukishika kitabu kile. Mchoraji ameishi nacho miezi.

Basi Jumanne usiku, baada ya kufunga duka, nilizikuza zile picha tatu za kwenye tangazo mpaka nikaona alama za brashi. Kuna mwanamke anayevuka maji na mzigo kichwani, na shingo yake imechorwa na mtu aliyewahi kutazama mzigo ukibebwa. Jalada ni kitambaa. Nikaandika kuuliza habari ya uzi.

Alhamisi asubuhi jibu likaja: kimeshonwa. Nikalipa yote, nambari 417.

Leo nimekata nusu yadi ya marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, nikishonee kitabu mfuko wa kukitunzia, maana vipimo vyake vimo kwenye tangazo: sentimita 24 kwa 16. Nimeacha sentimita moja ya nafasi kila upande.