Kerneli ya zamani, moduli mpya

Jumamosi saa nne usiku nilikuwa nyumbani Kirumba, dirisha wazi, taa za wavuvi wa dagaa zikimetameta ziwani. Mainframe ya mteja, kompyuta kubwa inayoendesha Linux, iliwashwa upya baada ya masasisho, na SSH, njia yetu ya kuingia kupitia mtandao, haikurudi. Bahati tulikuwa na konsoli ya HMC, ya kusimamia mashine yenyewe; hiyo haitegemei mtandao wa Linux.

Nikaandika modprobe qeth, amri ya kupakia qeth, moduli (kipande cha kerneli, yaani kiini cha Linux) inayoendesha kadi ya mtandao. Jibu: moduli haipo. Nikadhani kadi hiyo, OSA, imekufa, karibu saa nzima ikaishia kwenye lszdev, amri ya kuorodhesha vifaa. Moyo ulinidunda kweli, maana kesho yake watu wangehitaji mashine ile.

Kisha uname -r ikanionyesha kerneli inayoendeshwa ni ya toleo la zamani, na /lib/modules, moduli zinakokaa, ina saraka ya toleo jipya tu. Hapo nikaelewa: kerneli ya zamani haikuwa na moduli zake. Kwenye mashine hizi amri ya zipl ndiyo huandika kwenye diski mahali kerneli ilipo. Usipoiendesha baada ya kubadilisha kerneli, rekodi ya kuwashia huendelea kuelekeza kwenye vipande vilevile vya zamani, hata faili likiwa limefutwa, hadi vifunikwe na data nyingine.

Nikaendesha zipl, nikawasha upya. qeth ikapanda, ping ikajibu. Wavuvi walikuwa bado majini.