Nilivyofanya jaribio darasani huku watoto wakiwa na haki ya kukataa

Pendekezo langu la utafiti lilirudishwa na pande tatu, kila upande na sababu yake. Nilitaka kujua kama watoto wa madarasa ya mwanzo wanaosoma kwa sauti katika vikundi vidogo kila siku husonga mbele kuliko wenzao wanaofundishwa darasa zima kwa pamoja. Msimamizi wangu, mtu wa takwimu, alishikilia kuwa bila makundi mawili yaliyopangwa kwa kura, yaani kwa bahati nasibu, sitakuwa na hoja ya kusimamia. Mhadhiri mwingine kwenye jopo alisema kura hiyo inawageuza watoto vifaa: utamnyimaje mtoto kitu unachoamini kinamfaa, ili tu upate wa kumlinganisha na mwenzake? Kamati ya maadili nayo ikauliza jambo ambalo hao wawili hawakuligusa kabisa. Mtoto wa miaka saba atakataaje?

Ubishi kati ya msimamizi na mhadhiri yule ni wa zamani kuliko mimi. Mwaka 1989 Nathaniel Gage, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, aliandika makala kuhusu vita vya mikabala, yaani ugomvi juu ya njia ipi ni sahihi, katika utafiti wa elimu, akijiweka mwaka 2009 na kutazama nyuma. Alieleza miisho mitatu iliyowezekana: upande wa vipimo na majaribio unakufa, pande zote zinajifunza kuishi pamoja, au vita vinaendelea kama vilivyokuwa. Miaka kama kumi na mitatu baadaye serikali ya Marekani iliegemea upande mmoja waziwazi. Sheria ya elimu iliyotiwa saini Januari 2002 ilizitaka shule zinazopokea fedha za serikali kuu zitumie mbinu zilizothibitishwa na utafiti wa kisayansi, na majaribio ya kura yakapewa kiti cha mbele. Gert Biesta, mwanafalsafa wa elimu, alijibu mwaka 2007 kwamba huwezi kuuliza mbinu gani inafaa bila kwanza kuuliza inafaa kwa lengo gani, na ni nani aliyelichagua lengo hilo.

Nilisoma maandishi hayo kwa muda mrefu nikitafuta upande wa kujiunga nao, na sikuupata. Biesta ana haki: idadi ya maneno ambayo mtoto anasoma kwa dakika si lengo la elimu. Lakini nikimwambia mwalimu abadilishe ratiba yake yote kwa sababu nimekaa na watoto wachache nikaona wanafurahi, namdanganya. Watoto wadogo husonga mbele hata usipowafanyia lolote jipya, na bila kundi la kulinganisha nitausifu ukuaji wa kawaida nikidhani ni kazi ya mbinu yangu.

Suala la kura lilipata ufumbuzi nilipoacha kuitazama kama njia ya kunyima. Wakufunzi wa kuwaandaa walimu walikuwa wachache, kwa hiyo madarasa yote yasingeweza kuanza kwa pamoja hata pasipokuwa na utafiti. Kuna ambao wangesubiri. Nikapendekeza kura ipange nani anaanza muhula huu na nani muhula ujao, na wanaosubiri wawe ndio kundi la kulinganisha. Kila darasa lingepata mafunzo. Mhadhiri aliyepinga alikubali hilo, ingawa alinikumbusha, na kwa haki, kwamba ningegundua katikati ya safari kuwa mbinu ina madhara ningelazimika kusimamisha kila kitu. Tuliandika masharti ya kusimamisha kabla ya kuanza.

Hapa niseme neno kwa wanaopanga utafiti wa namna hii, maana ndipo wengi wanapojipa matumaini ya bure. Kinachopigiwa kura ni darasa, si mtoto. Watoto wa darasa moja wana mwalimu mmoja, vitabu vilevile, kelele zilezile, kwa hiyo alama zao hufanana. Chukua madarasa 10 yenye watoto 40 kila moja. Jumla ni 400, na inapendeza ukiiandika. Lakini ikiwa mfanano wa ndani ya darasa, ule ambao wanatakwimu huupima kuanzia 0 hadi 1, ni 0.2, unazidisha 39 kwa 0.2, unaongeza 1, unapata 8.8. Gawanya 400 kwa 8.8. Taarifa uliyo nayo ni kama ya watoto 45 wasiohusiana. Nilipoifanya hesabu hiyo kwa madarasa yangu, nilipunguza idadi ya watoto wa kupimwa katika kila darasa na kuongeza madarasa. Na hilo lina uso wa maadili pia: kumpima mtoto ambaye alama yake haiongezi chochote ni kumpotezea muda wa masomo.

Swali la kamati ndilo lililonichukua nguvu nyingi zaidi. Fomu za ridhaa zilikuwepo: wazazi wanasaini, mwalimu mkuu anaruhusu, na mtoto anasomewa maneno kwamba anaweza kujitoa wakati wowote. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Lakini mtoto aliyelelewa kumtii mtu mzima hatamwambia mtu mzima mgeni, aliyeletwa na mwalimu wake mwenyewe, kwamba hataki. Atakaa, atasoma, na utaandika kwamba ameridhia.

Nikatengeneza kadi. Upande mmoja umechorwa sikio, mwingine mkono ulionyooshwa. Kila mtoto alipokuja kwenye meza ya kurekodia aliikuta mbele yake, upande wa sikio ukiwa juu. Akiigeuza, nazima kinasa sauti, hakuna swali, na anabaki pale muda uleule wa wenzake akichora au akifungua kitabu, ili akirudi darasani asijulikane kuwa amekataa. Tulifanya mazoezi ya kuigeuza kwanza, na mimi mwenyewe nilimwomba kila mmoja aigeuze mara moja aone kwamba kweli ninazima.

Msimamizi hakupenda. Hofu yake ilikuwa ya kweli: watoto watakaokataa hawatakataa kwa bahati nasibu, pengine watakuwa walewale wasiojua kusoma, na matokeo yatapinda. Tukakubaliana kila kugeuza kadi kuandikwe pamoja na darasa, kundi na alama ya mwanzo ya mtoto, na kila mtoto ahesabiwe katika kundi alilopangiwa na kura, liwalo na liwe.

Kuna msichana ambaye alama yake ya mwanzo ilikuwa chini sana. Alikuwa amesoma neno moja moja, na baada ya kila neno macho yanakwenda kwenye taa nyekundu ya kinasa sauti. Duru iliyofuata aliigeuza kadi kabla hajakaa sawasawa. Nikazima, nikaanza kupanga karatasi zangu. Akavuta ile hadithi ya kupimia, akaanza kuisoma mwenyewe kwa sauti ya chini, akapita nukta na vituo bila kukwama, na alipofika mwisho akaniuliza kwa nini yule sungura hakurudi nyumbani. Sikuweza kumwandikia alama, kwa sababu alikuwa amekataa kupimwa. Lakini tangu hapo sikuweza tena kuitazama safu ya maneno kwa dakika kama kipimo cha kusoma peke yake. Ilikuwa inapima na woga.

Nilipochambua rekodi za kadi, waliogeuza hawakuwa wasiojua kusoma tu. Walijazana zaidi katika madarasa ambayo mtoto husimamishwa mbele ya wote kusoma na wenzake humcheka akikosea. Hapo mahojiano na walimu, ambayo msimamizi aliyaona kama nyongeza, yakawa njia pekee ya kuelewa takwimu zake mwenyewe.

Mtihani mwingine ulikuja kutoka kwa mwalimu mkuu mmoja. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akasema, "Mwalimu, mimi sitaki mambo mengi. Nionyeshe tu ni darasa la nani linaturudisha nyuma." Nilimjibu, "Mwalimu Mkuu, shikamoo yangu ni ileile, lakini hilo tuliliandika." Kabla ya kuanza tulisaini kwamba matokeo ya darasa yanakwenda kwa mwalimu wa darasa hilo tu. Hakufurahi, na ninamwelewa, kwa kuwa naye huulizwa na wakubwa zake. Majina ya siri yasingesaidia: shule ikiwa na mikondo miwili tu, kuandika darasa A na darasa B ni kumtaja mwalimu. Kwa hiyo kwenye ripoti ya shule nilitoa wastani wa shule zote kwa pamoja.

Matokeo yalionyesha vikundi vidogo vinasaidia, kwa tofauti ya kiasi tu na yenye shaka pana kwa sababu madarasa bado yalikuwa machache. Niliandika hivyo hivyo. Mtahini mmoja alipendekeza sura ya kadi ihamishiwe kwenye viambatisho, kwamba ni habari ya utaratibu tu. Nilikataa, nikamwonyesha jedwali kuu lenye nafasi tupu za watoto waliogeuza kadi, nikamwomba alisome bila ile sura. Sura ilibaki mahali pake, ikitangulia jedwali.