Kwenda siku 26, kurudi miezi mitatu

Kwa miaka 14 nilifundisha jiografia tu. Kisha, katikati ya muhula mmoja, mwenzangu wa historia akahamishwa, na mkuu wa shule akaja na kitabu chake cha kiada akakiweka mezani kwangu. "Utawashikia vijana kwa muda, Mwalimu," akasema. Kitabu kilikuwa na jalada la bluu lililobanduka pembeni, na kurasa za katikati zilikuwa zimeshonwa upya kwa uzi mweusi.

Nilikipokea kwa moyo mzito. Historia nilikuwa nimeisoma ujanani nikafaulu mtihani, basi. Yaliyobaki kichwani yalikuwa tarehe zisizo na mwili. Kila usiku nilisoma sura moja ili asubuhi niwe mbele ya wanafunzi walau kwa hatua moja. Wiki mbili za kwanza zilipita hivyo, kitabu cha historia mkono wa kulia, na kile cha jiografia kikiwa rafuni, kana kwamba viwili hivyo havikupata kujuana.

Wiki ya tatu tukafika sura ya Wareno katika Bahari ya Hindi. Kitabu kinasimulia vizuri. Vasco da Gama anaondoka Lisbon Julai 1497, anaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, anapanda na pwani ya mashariki ya Afrika, na Aprili 1498 yuko Malindi, ambako anapewa rubani anayeijua njia ya kwenda India. Tarehe 24 Aprili anang'oa nanga. Tarehe 20 Mei anatia nanga karibu na Calicut. Halafu, katika sentensi moja tu, tunaambiwa kwamba kuivuka bahari hiyo hiyo wakati wa kurudi kulichukua karibu miezi mitatu na mabaharia wengi walikufa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga. Aya inayofuata inarukia msafara wa 1502.

Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hakuwa na mazoea ya kuuliza, alinyoosha mkono. "Mwalimu, kwenda siku 26, kurudi miezi mitatu. Bahari si ni ile ile?"

Nilibaki na chaki mkononi. Nikamwambia swali lake ni zuri na kwamba nitamjibu kesho. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu, na nilipokipekua kitabu jioni ile, nacho hakikuwa nalo. Nilianza kutafuta tarehe kwingine. Da Gama aliondoka Calicut tarehe 29 Agosti. Akapanda na pwani ya India hadi kisiwa cha Anjediva, na huko akaiacha nchi kavu tarehe 5 Oktoba. Nchi ya Afrika hawakuiona hadi tarehe 2 Januari 1499.

Agosti. Oktoba. Niliinuka nikakitoa rafuni kitabu changu cha jiografia, nikafungua sura ya pepo, sura niliyokuwa nimeifundisha mara 14 kwa mchoro ule ule na mishale ile ile. Bara la Asia hupata joto upesi kuliko bahari. Katikati ya mwaka hewa iliyo juu ya bara hilo huwa nyepesi, hupanda, na upepo hutoka baharini kwenda kuziba nafasi yake. Huo ndio msimu wa kusi, na chombo kinachotoka Afrika husukumwa kuelekea India. Mwisho wa mwaka bara hupoa upesi kuliko bahari, mambo yanageuka, na kaskazi inaanza kuvuma kutoka Asia kuja Afrika. Katikati ya misimu hiyo miwili ndipo penye tangambili, siku ambazo upepo haujui unakokwenda, na mara nyingi hakuna upepo kabisa.

Da Gama alikwenda na kusi inapoanza, tena akiwa na mtu aliyeujua msimu. Akarudi tangambili. Karibu miezi mitatu ya shwari na pepo za mbisho, zile zinazovuma kinyume na unakokwenda, maji ya kunywa yakipungua, fizi zikivimba. Watu wapatao 30 walikufa katika kuvuka huko, na katika kila jahazi wakabaki saba au wanane wenye nguvu za kufanya kazi. Walipofika pwani ya Afrika walilazimika kuichoma moto São Rafael, mojawapo ya meli zao, kwa sababu watu waliosalia hawakutosha kuziendesha zote.

Sikulala mapema usiku ule. Kilichoniuma ni kwamba jibu nilikuwa nalo miaka yote. Nilikuwa nikiwafundisha watoto kusi na kaskazi bila kutaja hata mtu mmoja aliyewahi kufa kwa kutozijua. Na mwenzangu wa chumba cha pili alikuwa akifundisha vifo hivyo bila upepo.

Kesho yake niliingia darasani na vitabu vyote viwili. Upande wa kushoto wa ubao niliandika tarehe, upande wa kulia nikachora bahari na mishale. Sikueleza kitu. Nikamwomba yule msichana aje kuunganisha kila tarehe na mshale wake. Aliunganisha ya kwenda, akafika ya kurudi, akasimama, akageuka kuwatazama wenzake: "Waliondoka mapema mno!" Darasa likachangamka. Kijana mwingine akadakia: "Sasa kwa nini hawakusubiri?"

Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu historia kwa namna mpya, maana swali hilo kitabu cha jiografia hakiwezi kulijibu hata ukikisoma kinyumenyume. Hawakusubiri kwa sababu mambo yao na mtawala wa Calicut yalikuwa yameharibika. Kulikuwa na mzozo wa ushuru wa bidhaa, watu wakashikwa mateka pande zote mbili, na da Gama akaona heri kuondoka. Tarehe ya kung'oa nanga iliamuliwa na ugomvi wa watu. Urefu wa safari ukaamuliwa na upepo. Ukishika kitabu kimoja tu kati ya viwili hivyo, unabaki na nusu ya kisa, na nusu yenyewe haina maana.

Tangu siku hiyo nikaanza kuandika kwa penseli pembeni mwa kurasa. Katika historia: "tazama jiografia, sura ya pepo". Katika jiografia: "tazama historia, Wareno". Baada ya muda penseli ikanizoea na nikawa nawinda.

Mto Nile ulinipa wiki nzima. Kitabu cha historia kinamtaja Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, aliyeiita Misri zawadi ya mto, kinaeleza mafuriko ya kila mwaka, tope jeusi, ngano, mafarao. Hakisemi maji yalitoka wapi. Kitabu cha jiografia, mbali kabisa, katika sura ya mvua za kitropiki, kinaeleza kwamba nyanda za juu za Ethiopia hupata mvua kubwa kati ya Juni na Septemba, na kwamba maji hayo huteremka kwa Nile ya Buluu na mito jirani yakiwa yamebeba udongo. Hakisemi yalimlisha nani. Ukizikutanisha kurasa hizo mbili unaona jambo la ajabu: mkulima wa Misri ya kale, chini ya anga lisilo na wingu, alitegemea mvua iliyonyesha zaidi ya kilomita 1,000 kusini mwake, katika milima ambayo hakuwahi kuiona. Maji yalipimwa kwa alama za ngazi na nguzo za mawe kando ya mto, na kipimo hicho kilisaidia kukadiria mavuno na kodi ya mwaka. Nilipowaambia wanafunzi kwamba wingu la Ethiopia lilikuwa likiamua kodi ya Misri, walinitazama kana kwamba nimewafungulia dirisha. Mafuriko hayo yalikoma baada ya Bwawa Kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970. Hilo nalo kitabu cha jiografia kilikuwa nalo, chini ya "umeme wa maji".

Tambora ndiyo iliyonisumbua zaidi, na bado nairudia. Aprili 1815, katika kisiwa cha Sumbawa nchini Indonesia, mlima huo wa volkano ulilipuka kwa nguvu kuliko mlipuko mwingine wowote ambao binadamu wameuandikia kumbukumbu za moja kwa moja. Mlima uliokuwa na zaidi ya mita 4,000 ukabaki chini ya mita 3,000. Kitabu changu kiliuweka katika jedwali la volkano kubwa, mstari mmoja, kati ya Vesuvius na Krakatau. Kitabu cha historia nacho, katika sura ya Ulaya baada ya Waterloo, pale Napoleon aliposhindwa, kilikuwa na aya kuhusu njaa ya 1816 na 1817, bei ya nafaka kupanda, watu kuvamia maghala, familia kuhama. Sababu iliyotolewa ilikuwa vita vya Napoleon. Vita vilichangia, sikatai. Lakini gesi ya salfa iliyorushwa na Tambora ilipanda juu kuliko mawingu ya mvua, ikageuka ukungu mwembamba uliosambaa duniani na kuzuia sehemu ya jua. Mwaka 1816 theluji ilianguka mwezi Juni kaskazini-mashariki mwa Marekani. Ulaya ya magharibi ilinyeshewa kiangazi kizima na nafaka ikaoza mashambani. Katika jimbo la Yunnan, China, mpunga uliharibiwa na baridi. Watu wa mabara matatu walilala njaa, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba chanzo ni mlima mmoja upande mwingine wa dunia.

Mstari mmoja katika jedwali! Naliandika hili na mkono unanitetemeka kidogo. Wanafunzi wangu, mwaka baada ya mwaka, walikariri "Tambora, 1815, Indonesia" wakapata alama yao.

Kuna jambo la ramani pia. Ramani nyingi za vitabu vya historia hazina milima wala mito; dola zinapakwa rangi kama nguo iliyotandazwa sakafuni, na mpaka unapinda ghafla bila mtoto kujua kwamba pale pana safu ya milima au jangwa. Nyingine zimechorwa kwa mtindo wa Mercator wa 1569, ambao ulikusudiwa mabaharia: ukiufuata mstari mnyoofu, dira yako haibadiliki. Kwa kazi hiyo ni mzuri sana. Kwa kuonyesha ukubwa wa nchi unapotosha, kwa kuwa kisiwa cha Greenland kinaonekana kulingana na Afrika kwa ukubwa, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland kama mara 14. Sasa huwa nawapa wanafunzi karatasi inayoonyesha nuru, wanakili mpaka wa dola kutoka kitabu cha historia, kisha wanaiweka karatasi juu ya ramani ya milima na mito katika atlasi. Kazi hiyo inachukua vipindi viwili na sioni kama ni muda uliopotea.

Vitabu vyenyewe vina makosa, na makosa yake nayasahihisha kwa penseli ile ile. Kile cha bluu kinasema rubani wa da Gama alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari. Watafiti wengi wamelipinga dai hilo. Kinadokeza pia kwamba watu waliamini dunia ni bapa hadi Columbus aliposafiri, wakati Eratosthenes, mtaalamu wa Ugiriki ya kale, alikuwa ameupima mzingo wake zaidi ya miaka 1,700 kabla, kwa kulinganisha kivuli cha jua kule Alexandria na kule ambako leo ni Aswan. Na atlasi yetu bado ina Sudan moja. Mpaka uliozaliwa tarehe 9 Julai 2011 niliuchora mwenyewe.

Lakini niseme wazi, kwa sababu nimewaona watu wakilewa na mambo haya. Kusi na kaskazi zilivuma karne nyingi kabla ya Wareno, na vyombo vya Arabuni, Uajemi, India na pwani ya Waswahili vilikwenda na kurudi kwa pepo hizo vikibeba nguo, pembe, shanga, nafaka. Upepo uliomleta da Gama ni ule ule. Mizinga iliyokuwa katika meli zake haikuletwa na upepo. Iliamuliwa, ikatengenezwa, ikapakiwa na watu. Mwanafunzi akiniandikia kwamba "jiografia ilisababisha" ukoloni, namrudishia karatasi na kumuuliza: nani aliamua, lini, na angeweza kufanya nini kingine?

Muhula uliofuata alikuja mwalimu mpya wa historia, kijana mpole. Nilimkabidhi kitabu cha bluu nikimwomba radhi kwa maandishi ya penseli. Akasema atayasoma. Karibu mwezi ukapita kimya, nikadhani ameyafuta.

Jumatatu iliyopita nilikuta kitabu changu cha jiografia kimefunguliwa mezani kwenye sura ya pepo. Karibu na mshale wa pepo za kudumu zitokazo kaskazini-mashariki, palikuwa na mwandiko mdogo usio wangu: "Mwalimu, shikamoo. Columbus 1492 alishuka kwanza hadi visiwa vya Canary ndipo akageuka magharibi. 1493 akarudi kwa kupanda kaskazini, kupitia Azores. Ni upepo? Naomba kipindi kimoja, tuwafundishe pamoja."

Niliichukua atlasi nikaenda kumtafuta.