Gunia la tatu

Agosti 2007 nyumba yetu ya Usa River, Arusha, ilinuka artemisia kila kona. Harufu chungu, imeshika hadi kwenye shuka. Mama alikuwa ameng'oa mibuni iliyozeeka ili kupata nusu ekari ya mmea huo, unaotoa artemisinini ya kutibu malaria. Mbegu zake ni kama vumbi, gramu moja ina zaidi ya 10,000, ikabidi azichanganye na mchanga ndipo azimwage kitaluni.

Bwana shamba alikuwa ametuonya: vuneni kabla ya maua, majani yakauke kivulini. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo. Gunia la tatu nililiharakisha. Nilianika majani juu ya bati, jua la mchana likayapiga siku tatu.

Siku ya mizani mnunuzi alizamisha mkono kwenye gunia lile, akatoa konzi, akasugua, akanusa. Majani yalikuwa ya kahawia, yale mengine yana ukijani.

"Hili limeungua, mama. Dawa imepungua."

Mama hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Hata magunia mawili yaliyokubaliwa, bei ilikuwa chini ya mwaka uliopita. Mnunuzi akaeleza kwamba wakulima wa China na Vietnam wamelima kwa wingi, na kilo ya artemisinini, iliyowahi kupita dola 1,000, imeporomoka. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Na vidonge vyenyewe, baba, vinatengenezwa wapi?"

"Mbali, mama."

"Mbona Kisongo pale wanatengeneza chandarua chenye dawa ndani ya uzi? Uzi tumeuweza, kidonge kinatushinda nini?"

Yule bwana alikunja daftari lake taratibu. Swali lilikuwa la haki, na mpaka leo naliona kubwa kuliko bei yenyewe: jani letu liliondoka kwa kilo, likarudi kwa kidonge.

Jioni mama alitoa kabatini pakiti ya dawa mseto ya malaria, yenye dawa itokanayo na artemisinini, aliyoandikiwa mdogo wangu zahanati, vidonge vya manjano viwili vimebaki. Akaiweka mezani kando ya konzi ya majani yaliyoungua, akanisogezea taa.

"Wewe umesoma. Niangalizie kama wameandika Arusha popote."

Niliigeuza pakiti pande zote, kisha nikaanza upya.