Kutoa uvimbe au titi zima? Ulizia mionzi kwanza

Wanawake wengi wakishaambiwa ni saratani ya titi husema, "Litoeni lote, yaishe." Hofu hiyo ni halali. Ila kwa saratani ya hatua za mwanzo, kutoa uvimbe na kufuatia na mionzi hakupunguzi miaka ya kuishi ukilinganisha na kutoa titi zima. Utafiti wa Milan, Italia, na ule wa Marekani uliwafuatilia wagonjwa kwa miaka 20, na matokeo yalichapishwa 2002.

Sharti ni mionzi. Katika utafiti wa Marekani, kati ya waliotolewa uvimbe pekee, saratani ilirudi kwenye titi lilelile kwa asilimia 39. Waliopata mionzi, asilimia 14. Basi kabla ya kusaini fomu, ulizia mionzi inapatikana wapi na foleni ikoje. Mgonjwa wa Mtwara anayepelekwa Ocean Road, Dar es Salaam, atahitaji pa kulala kwa wiki 3 hadi 5. Hilo likishindikana, kutoa titi zima ni uamuzi wa busara kabisa, wala asilaumiwe mtu. Lakini uvimbe ukizidi sentimita 5, au tezi 4 na zaidi za kwapani zikiwa na saratani, mionzi itahitajika hata titi likitolewa.

Kinachoharibika mara nyingi bila mtu kujua ni kinyama chenyewe. Baada ya kutolewa kinatakiwa kiingie kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) ya asilimia 10 ndani ya saa 1, fomalini iwe nyingi mara 10 ya kinyama, na kikae humo saa 6 hadi 72. Titi zima lazima likatwe vipande kwanza, maana fomalini hupenya polepole na katikati huoza. Kikicheleweshwa, au kikibebwa ndani ya maji, kipimo cha vipokezi vya homoni (sehemu za seli ya saratani zinazopokea homoni) chaweza kusema "hakuna" ilhali vipo, na mgonjwa akanyimwa tamoksifeni, dawa ya bei nafuu ya kuzuia homoni, ambayo ingemlinda kwa miaka. Ndugu mliokabidhiwa chupa mpeleke maabara, pelekeni siku hiyohiyo. Na majibu yakitoka, someni sehemu ya kingo: seli za saratani zikigusa wino ambao maabara hupaka pembeni mwa kinyama, huenda akahitaji kurudi tena chumba cha upasuaji.

Kwapani, kama tezi hazijavimba, omba kipimo cha tezi ya kwanza, yaani ile inayopokea majimaji ya titi kabla ya nyingine, kwa rangi ya bluu. Ikiwa safi, nyingine huachwa. Zikitolewa zote, hatari ya mkono kuvimba huongezeka sana.

Mpira wa kutoa majimaji, unaoachwa kwenye jeraha baada ya upasuaji, usiondolewe kwa kuhesabu siku tu. Pima majimaji kwenye chupa yake kila saa 24, andika. Madaktari wengi hungoja yashuke chini ya mililita 30. Ukitoka mapema, maji hujikusanya chini ya ngozi na kuchelewesha kidonda. Vidole na kiwiko vianze kukunjwa na kukunjuliwa kesho yake baada ya upasuaji. Bega lisipofanyishwa mazoezi hukakamaa, na mkono usiponyanyuka juu ya kichwa, kulala kwenye mashine ya mionzi kunakuwa shida.