Saumu ya Ami

Ilikuwa Ramadhani, saa 11 jioni, Mji wa Kale, Mombasa. Kichochoro kizima kilinukia mbaazi za nazi, na Ami alikuwa barazani akisubiri magharibi. Nilimkuta kanzu imemganda mgongoni kwa jasho, jasho baridi, ilhali upepo wa bahari ulikuwa ukivuma vizuri. Nilimuuliza panamuuma wapi. Hakuonyesha kwa kidole. Alikunja ngumi akaikandamiza katikati ya kifua.

"Kama nimewekewa gunia la mchele, mwanangu. Na taya hili la kushoto lanivuta."

Ngumi ile ilinitisha. Maumivu ya moyo mara nyingi hayana nukta: hubana, hutanda, hukimbilia mkononi, shingoni, tayani au mgongoni. Wenzake walishaamua ni gesi ya daku, na mmoja alikuwa akimshauri atembee kidogo ipungue. Yalikuwa yamemshika dakika 20, naye ameketi tu. Tena Ami ana sukari, na mwenye sukari huweza hata asisikie maumivu, akaishia kuhema, kuchoka na kichefuchefu.

Alitaka apande akalale. Nilimzuia. Ngazi za nyumba zile zimesimama wima, na kila hatua huuongezea kazi moyo uliokwisha kukosa damu. Tulimketisha sakafuni, mgongo ukutani, magoti yamekunjwa na mto chini yake, vifungo vya kanzu vimefunguliwa. Kulala chali kungemzidishia kuhema. Na aliyeketi chini, akizimia, haanguki mbali. Mpwawe alipiga 1199, namba ya dharura ya Msalaba Mwekundu, kisha akakimbia kusimama Ndia Kuu, maana ambulensi haiingii kichochoroni.

Vidonge vya aspirini vilivyokuwamo ndani vilikuwa vya miligramu 75. Niliuliza kama humdhuru, kama amewahi kutapika damu au kupata choo cheusi. Hapana. Nikahesabu vinne: miligramu 300. Jirani alileta Panadol kwa moyo safi, lakini Panadol haifanyi kazi hii, wala diklofenaki. Aspirini huzuia chembe za damu zisizidi kugandamana pale mshipa ulipoziba, na ikitafunwa hufika damuni mapema kuliko ikimezwa nzima.

Ami alifumba mdomo. "Nimefunga. Imesalia saa moja na nusu tu."

Kumweleza habari za mishipa hakukusaidia. Mkewe ndiye aliyeketi kando yake, akamfungua kiganja, akaviweka vile vinne kimoja kimoja. "Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa ale, alipe siku nyingine. Tafuna, bwana."

Alitafuna, uso umekunjika kwa uchachu. Saa 11 na dakika 14. Niliiandika karatasini, pamoja na saa maumivu yalipoanza na dawa zake za sukari, nikabaki nikitazama kifua kinavyopanda na kushuka. Kingesimama, tungemlaza palepale na kuanza kukandamiza: mara 30 kwa pumzi 2, kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Hakikusimama. Wahudumu walimbeba kwa kiti hadi Ndia Kuu, bila kumwacha akanyage chini hata hatua moja, na karatasi ile ikaenda naye. Hospitalini kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha dalili za mshipa ulioziba.

Siku ile aliilipa miezi mingi baadaye, daktari aliporidhia. Alinipigia simu alfajiri kuniambia ameshatia nia.