Pesa za Barghash na 1299 mbili: kumbukumbu ya mradi wangu

Wiki ya kwanza
Nimeanza kuorodhesha sarafu za kwenye kopo alilotuachia marehemu babu, kwa programu ndogo ninayoiandika mwenyewe kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Nyingi ni pesa za shaba za Sultan Barghash wa Zanzibar, zile zenye mizani upande mmoja. Miaka yake ni ya Hijria, 1299 na 1304. Nimeamua mwaka uingie kwenye orodha kama ulivyogongwa kwenye shaba, yaani ١٢٩٩, maana mwenye sarafu mkononi atatafuta kile anachokiona.

Wiki ya tatu
Binamu yangu aliyeko Maskati ananisaidia: namtumia picha, anasoma, anajaza jedwali. Leo nimetafuta ١٢٩٩ nikaletewa sarafu 11. Nimezimwaga mezani nikazihesabu kwa mkono: 19.

Saa nzima nimetazama mistari miwili iliyofanana kama pacha, ١٢٩٩ na ۱۲۹۹, bila kuona kasoro. Mwisho nikaiambia programu initajie msimbo wa kila tarakimu. Tarakimu ya moja kwenye mstari wa kwanza ni U+0661. Ile ya mstari wa pili ni U+06F1.

Kumbe Unicode, orodha inayoipa kila herufi na tarakimu msimbo wake kwenye kompyuta, ina seti mbili. U+0660 hadi U+0669 ni tarakimu wanazotumia Waarabu; U+06F0 hadi U+06F9 ni za Kiajemi na Kiurdu. Sura zake huachana hasa kwenye nne, tano na sita: huku ٤٥٦, kule ۴۵۶. Mwaka 1299 hauna hata moja kati ya hizo tatu! Ningeanza na 1304, ile nne ingenistua mapema.

Nikampigia binamu. Simu yake ilikuwa kwa fundi, akaazima ya mwenzake wa kazini yenye kibodi ya Kiurdu. “Nisamehe ndugu yangu, mimi niliona moja ni moja tu.” Hana kosa hata kidogo. Nami niliona hivyo hivyo, na sarafu zenyewe ni zilezile.

Dawa ilikuwa karibu. Katika Python, int(), amri ya kugeuza maandishi kuwa namba, hupokea seti zote mbili na kurudisha 1299. Sasa kila sarafu ina nafasi mbili: maandishi kama yalivyoingizwa, na mwaka kama namba. Kutafuta na kupanga kunafuata namba. Maandishi ya binamu sijayagusa. Nilijaribu kufanya kazi hiyo kwenye ukurasa wa kuonyeshea, kwa JavaScript, lugha ya kurasa za wavuti, lakini Number() ya huko haizitambui tarakimu hizi, hurudisha NaN, yaani “si namba”. Basi hesabu yote inaisha kabla ya kufika huko.

Wiki ya nne
Kiarabu huanzia kulia, lakini tarakimu za namba moja hupangwa kutoka kushoto, na kompyuta inalijua hilo vizuri. Kilichonisumbua ni kistari. Kwenye safu inayoanzia kulia niliandika kipindi cha pesa hizi, 1299-1304, kwa seti zote mbili. Kwa tarakimu za Kiarabu, 1299 ilikaa kulia na 1304 kushoto. Kwa zile za Kiurdu, mambo yakawa kinyume, 1299 kushoto.

Sababu ni kwamba Unicode imezipa seti hizi tabia tofauti za mwelekeo. Za Kiurdu zimewekwa kundi moja na 0 hadi 9 zetu, na katika kundi hilo kistari kilicho kati ya namba mbili huziunganisha zikawa kitu kimoja. Za Kiarabu zina kundi lake, na humo kistari hakiunganishi; kila namba hukaa peke yake na kufuata mwelekeo wa safu. Mkwaju (/) ungeziunganisha katika seti zote mbili. Nimeacha kuchezea alama, nikaweka safu mbili, mwaka wa kuanzia na mwaka wa mwisho.

Wiki ya tano
Leo zamu ya pesa ya Wajerumani: upande wa tai 1890, upande wa pili maandishi ya Kiarabu na ١٣٠٧. Nimeitafuta kwa 1307, kwa ١٣٠٧, kisha kwa ۱۳۰۷. Mara zote tatu imekuja.